Mtu Aliyetusemea

Hakuwahi kunigusa. Naanza na hilo kwa sababu kila niliyemsimulia habari zake aliniuliza hilo kwanza, kuanzia askari wa kituo mpaka mama yangu kwenye simu. Na kila nilipojibu kwamba hakunigusa, niliona au nilisikia aliyeuliza akishusha pumzi, kana kwamba hadithi imekwishia hapo.

Wakati huo nilikuwa na chumba cha ushauri Mashimoni, Kibera. Kilikuwa kama vyumba vingine vya ploti ile: kuta za mabati zilizopigwa mbao kwa ndani, sakafu ya saruji, dirisha dogo linalotazama mtaro, na mlango mmoja. Kanisa jirani lilituachia tukitumie siku za kazi. Jumapili watoto walisomea Biblia humo, na Jumatatu tulikuta michoro yao ya kondoo imebandikwa ukutani. Tulikuwa wawili. Mimi ni mwanasaikolojia, nimeisomea kazi hii na nina leseni yake. Mwenzangu alikuwa muuguzi mstaafu aliyefanya kazi miaka mingi katika wodi ya wagonjwa wa akili, na mtaa mzima ulimwita Sista. Shirika dogo lililotulipa lilikuwa limeanza kuyumba, kwa hiyo Sista alikuja siku chache tu kwa wiki. Siku nyingine nilikuwa peke yangu.

Katika mafunzo tulifundishwa kwamba mshauri akae upande wa mlango, ili mambo yakiharibika aweze kutoka. Kanuni hiyo niliiacha mapema sana. Wengi waliokuja kwangu walikuwa wanawake waliowahi kufungiwa ndani, na mtu aliyewahi kufungiwa hawezi kukwambia lililomleta huku wewe umekaa kati yake na mlango. Atajibu maswali, atakushukuru, ataenda zake na mzigo wake. Basi wao niliwapa kiti cha mlangoni. Mimi nilikaa ndani kabisa, mgongo ukiegemea ukuta wa dirisha.

Mmoja wao alikuwa mama aliyeuza omena, wale dagaa wa ziwani, karibu na reli, upande wa Lindi, humo humo Kibera. Kwao ni kando ya Ziwa. Haya ninayoyaandika juu yake nayaandika kwa ruhusa yake, na mambo mengine nimeyabadilisha ili asijulikane. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye mazoea ya kufuta mikono kwenye leso yake hata ikiwa mikavu. Ilichukua muda kabla hajanieleza kwamba mumewe alikuwa akimpiga. Mume huyo hakuwa mlevi wala mtu wa kelele. Alikuwa seremala, fundi wa milango na madirisha, mzee wa kanisa, mtu ambaye majirani walimpelekea ugomvi wao awaamulie. Alimpiga mkewe kimya, na kabla ya kumpiga aliufunga mlango na kuutia ufunguo mfukoni bila haraka yoyote. Majirani hawakusikia kitu, na hata kama wangesikia, mama alisema, wasingeamini masikio yao.

Baada ya muda mama huyo aliondoka. Hakuniambia siku wala mahali. Tulikuwa tumekubaliana asiniambie. Nilichojua ni kwamba ana ndugu upande mwingine wa jiji, na kwamba wiki moja kiti chake kilibaki kitupu, na pale alipokuwa akianika omena zake pakawa na mtu mwingine anayeuza viazi.

Muda si mrefu, mwanamume mmoja mrefu akaja kubisha hodi asubuhi. Alivua kofia, akauliza kama hapa ndipo wanaposaidiwa watu wenye mawazo mengi. Nikasema ndipo. Akauliza kama anaweza kungoja. Nilimwambia hakuna mtu ndani, aingie tu. Akasema hapana, angoje kidogo. Akaketi kwenye benchi nje, chini ya ukingo wa mabati, kofia juu ya goti. Alikaa mpaka nilipofunga. Kesho yake alikuja tena, na siku iliyofuata. Aliwasalimu waliopita, aliwapisha waliokuja kuniona, mvua iliponyesha alisogea ili mama mwenye mtoto apate pa kukaa. Nilidhani ni mmoja wa wale ambao hulizunguka jambo kwa muda mrefu kabla ya kulishika.

Kisha siku moja Sista hayupo, na mteja wangu wa mwisho ameshatoka, mwanamume huyo alikuja akasimama mlangoni. Hakuingia. Alikitazama kiti kimoja, akakitazama cha pili.

"Madam," aliniuliza, "mke wangu alikuwa anakaa kiti gani?"

Ndipo nilipomjua. Nilimpa jibu tunalofundishwa kutoa, kwamba siwezi kusema kama mtu yeyote amewahi kuja hapa au hajawahi kuja. Niliisikia sauti yangu ikitoka vizuri, kama mtu anayesoma tangazo. Aliitikia kwa kichwa taratibu.

"Ni vizuri," alisema. "Mtu wa kutunza siri ni mtu mzuri."

Akarudi kwenye benchi. Ili nitoke nirudi nyumbani ilibidi nipite mbele yake, na nilipopita aliinuka kidogo, kama tunavyoinuka mwalimu akipita, akanitakia jioni njema.

Nilimweleza Sista kadiri nilivyoweza. Sista alikwenda kuongea naye, akamkuta mpole kupindukia. Alimwambia hapati usingizi. Sista akampa siku ya kuonana, na siku ilipofika, alipoitwa, akajibu kwamba bado, moyo wake haujawa tayari. Sista alikuwa ameona wagonjwa wa kila aina, waliong'ata, waliovunja vitanda, waliomtukana kwa lugha alizozijua na asizozijua, na alisema huyu hamtishi. Wanaume ndivyo walivyo, aliniambia, wanaweza kuuzunguka mlango wa kliniki mpaka viatu viishe. Siku alizokuwepo yeye alimpelekea chai pale nje. Nilimwona akipokea kikombe kwa mikono miwili.

Mimi nilikuwa nikiishi Kawangware, pale kituo cha 46, katika ploti ya ghorofa iliyojaa wapangaji kutoka Magharibi mwa Kenya kama mimi. Jioni moja nilisimama kwa mama mboga wetu kununua sukuma, na nyuma yangu mtu akasema, "Kumbe sisi ni majirani, madam." Alikuwa ni yeye, amebeba mbao begani. Jengo jipya lilikuwa likipanda nyuma ya ploti yetu, na yeye alikuwa amepata kazi ya kuweka milango. Ndivyo alivyosema, na ilikuwa kweli. Niliuliza baadaye nikathibitisha. Mafundi hupata kazi popote, na Kawangware kila mahali panajengwa. Mama mboga aliniambia fundi yule ana roho safi, amemtengenezea kibanda chake bila kutaka chochote, tena alimuuliza kama yule daktari wa akili huwa anachelewa hivi kurudi, kwa sababu si vizuri mwanamke kuchelewa.

Toka hapo nikawa nasikia randa. Mchana wa Jumamosi nikiwa nimelala naisikia, ile sauti ndefu ya kukwangua ubao, inakuja na kurudi nyuma ya ukuta wangu. Nilipoizoea ikaanza kunisumbua inaponyamaza. Nilikuwa nikiosha vyombo, sauti inakatika, na mimi nasimama na sufuria mkononi nikisikiliza kama kuna viatu kwenye ngazi. Harufu ya vanishi iliingia kwa dirisha ikakaa kwenye mapazia. Kibera nikawa naisikia harufu hiyo hiyo chumbani, hata siku ambazo benchi lilikuwa tupu. Nilimuuliza Sista kama anaisikia. Aliinua pua, akasema anasikia mtaro.

Nilibadilisha njia. Nilianza kutoka nyumbani mapema au kuchelewa, bila mpango, na bosi wa shirika akanilalamikia. Dada yangu alikuja kukaa nami kwa muda, akaona fundi anavyomsalimu kila mtu kwa heshima, akaniambia kwa upole kwamba huenda kazi hii ya kusikiliza maumivu ya watu imeanza kuniingia. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo. Ni maneno ambayo mimi mwenyewe nimewaambia wenzangu.

Na siku moja, bila hata kuamua, nilijikuta nimekaa kwenye kiti cha mlangoni. Msichana aliyekuwa amenizoea aliingia akasimama katikati ya chumba, akitazama kiti kilichobaki kule ndani. Akaniuliza kama amekosea kitu. Nilimwambia hajakosea. Alikaa pale ndani, akazungumza juu ya mtihani na juu ya mvua, akaaga kabla ya muda wake. Hakurudi.

Nilikwenda polisi. Afisa wa kike aliyenipokea hakunidharau. Alinipa kiti, akaniuliza kama mtu huyo amenigusa, kama amenitishia, kama amenitumia ujumbe mbaya kwenye simu. Nikasema hapana, hapana, hapana. Akauliza sasa anafanya nini. Nikasema ananisalimia. Wenzake waliokuwa nyuma ya kaunta walicheka, si kwa ubaya. Afisa aliniuliza kama kuna mtu mwingine aliyewahi kuumizwa naye, maana hilo lingebadilisha mambo. Nilijua ni nani aliyeumizwa, na kwamba mkono wake wa kushoto haunyooki kwa ajili ya mtu huyo. Yote nilikuwa nimeambiwa chumbani, na mwenyewe hakuwa amenipa ruhusa ya kuyatoa, wala sikujua mahali pa kumpata nimwombe. Nikasema sijui. Afisa akanishauri nisitembee peke yangu.

Miezi hiyo ndiyo sisi wanasaikolojia wa mitaa hii tulianza kukutana Jumamosi. Tulikuwa wachache, kutoka Kibera, Kawangware na mitaa ya karibu, na mwanzoni tulikutana ili kulalamikia mashirika yanayofunga miradi katikati ya tiba ya mtu. Lakini mazungumzo yalihama. Mmoja alisema aliwahi kukabwa koo na mteja, akanyamaza kwa sababu aliona aibu, kana kwamba ameshindwa kazi. Mwingine alifuatwa nyumbani na baba wa mtoto aliyemtibu. Kijana mmoja, mpya kazini, alisema huwa anampigia mama yake simu kabla ya kila kikao na kumwacha hewani, simu iko mfukoni, ili awepo mtu wa kusikia. Mama yake yuko kijijini, mbali. Tulimuuliza angefanya nini huko. Akasema hajui, angalau angejua.

Tukaamua kwenda kaunti kuomba fedha. Tulitaka washauri waajiriwe kwenye zahanati za serikali, wawili wawili, si mtu mmoja mmoja wa miradi ya kupita. Tulitaka vyumba vyenye njia mbili za kutoka na mtu langoni. Mara ya kwanza tulipoingia ofisini, yule aliyekabwa koo alieleza yaliyompata, na ofisa aliyetusikiliza akasogeza kiti chake nyuma. "Kumbe hawa wagonjwa wenu ni hatari hivyo?" aliuliza. Tukatoka tumejua tumejiharibia. Ukisema kazi ina hatari, watu wanamwogopa mgonjwa, na mgonjwa tayari ana wa kumwogopa wa kutosha. Ukisema haina hatari, hawaoni sababu ya kukupa mtu wa pili. Tulibishana juu ya maneno wiki nyingi. Mimi nilisema kidogo, kwa sababu aliyekuwa akiniogopesha hakuwa mgonjwa wa mtu yeyote.

Kabla bajeti haijapitishwa, kaunti huwaita wananchi watoe maoni yao. Kikao cha upande wetu kilifanyika asubuhi katika ukumbi wa jamii, Kibera, na wenzangu wakanichagua niseme. Ukumbi ulijaa. Kulikuwa na mwakilishi wa wadi yetu, maofisa mezani, akina mama wa vikundi, vijana wa kufagia mitaro. Mama mmoja alisimama mbele yangu akasema anataka choo, na kwamba habari za akili ni za watu walioshiba. Watu wakamkubalia. Mimi pia sikuona la kumpinga. Alikuwa na haki ya choo.

Nilipopewa kipaza sauti nilieleza tulivyokubaliana. Nilisema mtu mwenye ugonjwa wa akili huumizwa na wengine mara nyingi kuliko anavyoumiza. Nilisema tunachoomba ni mtu asiwe peke yake, si yeye anayetibiwa, si yeye anayetibu. Nilikuwa nikikaribia mwisho nilipomwona. Alikuwa safu za mbele, upande wa kulia, amevaa koti la Jumapili, kofia juu ya goti. Sijui nilimalizaje. Wenzangu waliniambia baadaye kwamba nilimaliza vizuri.

Mwenyekiti akauliza kama kuna mwananchi anayetaka kuchangia juu ya hilo. Akainua mkono. Kipaza sauti kikapelekwa kwake kutoka mkono hadi mkono, naye akasimama, akawasalimu maofisa, akageuka kidogo ili anione na mimi.

"Mimi ni fundi," alisema. "Nimekaa nje ya mlango wa huyu madam siku nyingi sana. Kila asubuhi najiambia, leo nitaingia. Siingii. Mnajua ni kwa nini? Kile ni chumba kimoja, mlango ni mmoja, na ndani kuna mwanamke mmoja, peke yake. Nikajiuliza, nikiingia mle na haya yaliyo kwa kichwa yangu, huyu dada atasaidiwa na nani? Wapeeni watu. Wapeeni milango."

Ukumbi ukapiga makofi. Mama wa choo alipiga makofi. Mwakilishi wa wadi aliandika kitu, na ofisa mmoja mezani alivua miwani akafuta macho. Kijana mwenzetu, yule wa simu ya mama yake, alinishika bega kwa furaha. Wote walikuwa wamemsikia mwanamume akikiri udhaifu mbele za watu, jambo ambalo wanaume wa mitaa yetu hawalifanyi. Mimi nilikuwa nimesikia chumba changu kikielezwa: mlango mmoja, mwanamke mmoja, peke yake.

Ningesema nini? Yote niliyoyajua juu yake yalitoka kwenye kinywa cha mtu aliyekaa kwenye kiti changu. Kufungua mdomo pale kungekuwa ni kumwambia yeye, mbele ya ukumbi mzima, kwamba ndiyo, mkeo alikuja, na hiki ndicho alichokisema. Alilijua hilo. Alikuwa amesimama na kipaza sauti mkononi akinitazama kwa subira, kama anayenipa nafasi. Kisha akakirudisha, akaketi.

Nje alikuja kunipa mkono. Watu walikuwa wametuzunguka, wengine wakimpongeza, na niliuchukua mkono ule kwa sababu walikuwa wakitazama. Ulikuwa mkavu na mpana, na vumbi la mbao lilikuwa limekaa kwenye mistari ya kiganja.

"Sasa watawajengea," aliniambia. "Wakitaka fundi wa milango, unanijua."

Ile ndiyo mara ya mwisho kusikia sauti yake. Benchi lilibaki tupu toka siku ile. Jengo la nyuma yetu lilikamilika, wapangaji wakaingia, na mama mboga alisema fundi amepata kazi kubwa nje ya Nairobi, labda Kisumu, labda Kitale, hakusikia vizuri. Nilihamia ploti nyingine, Kawangware huko huko, upande ambao sikumwambia mama mboga. Niliendelea kusikiliza ngazi.

Bajeti ilipopita, tulikuta tumepewa. Si yote, lakini nafasi mbili za washauri ziliingia kwenye zahanati ya serikali, na chumba kipya chenye mlango wa mbele na mlango wa nyuma, na mlinzi langoni. Niliomba nafasi moja nikaipata. Siku ya ufunguzi ofisa kutoka kaunti alikata utepe, akatoa hotuba fupi, akasema fedha hizi zina mwenyewe, naye ni yule mwananchi wa kawaida aliyesimama akawaambia wapeeni milango. Watu walicheka kwa upendo. Sista, ambaye alikuwa amealikwa, alilia. Aliniambia sikioni kwamba alijua tangu mwanzo chai yake haikupotea.

Mama wa omena alinitafuta muda si mrefu baada ya hapo. Alikuwa amesikia kuna zahanati, akauliza langoni, mlinzi akamleta. Alikuwa amenenepa kidogo, na alikuwa amesuka nywele. Nilifurahi kumwona. Nilimwambia achague kiti, akachagua cha katikati, kisicho karibu na mlango wowote, akakaa akifuta mikono kwenye leso.

Habari za kikao cha bajeti zilikuwa zimemfikia kupitia watu wa kanisa. Aliniuliza kama ni kweli mumewe alisimama akasema. Nikasema ni kweli.

"Na wakampigia makofi?"

"Wakampigia."

Alifuta tena mikono. Kisha akanieleza jambo ambalo wakati ule Mashimoni hakuwa amelifikia. Mara ya kwanza alipomkimbia mumewe alikwenda kwao, kwa mama yake. Mume akafuata. Hakuingia bomani. Aliketi nje, kwenye kigoda karibu na ua, akawa anamsalimia kila anayepita. Siku zikaenda. Alitengeneza mlango wa ghala la mama mkwe uliokuwa umeachia bawaba. Aliwachongea watoto gari la mbao. Majirani walianza kuuliza mtu mstaarabu namna hii amekosa nini, na mama mwenyewe akaanza kumpelekea uji. Mwishowe mama akamwambia binti yake kwamba ametosheka na aibu hii, atoke akaongee na mumewe. Akatoka. Walitembea pamoja mpaka kwenye njia ya mashamba, watu wote wakiona na kufurahi.

Alinyoosha mkono wa kushoto mbele yangu kadiri unavyonyooka.

"Yeye hangoji kuingia," alisema. "Anangoja watu wampende. Halafu hao hao ndio wanakutoa nje."

Nilimuuliza kama angependa tuende polisi pamoja, kwamba sasa kuna afisa ninayemjua, na akisema yeye mwenyewe mambo yatakuwa tofauti. Akasema siku moja, siyo leo. Akaniruhusu nimweleze Sista, na akaniruhusu, kama nitataka, kuandika. Alipoaga nilimwonyesha mlango wa nyuma unaotokea upande wa soko, naye akasema atatoka kwa ule wa mbele aliokuja nao.

Sista nilimweleza. Alikuwa ameshika kikombe akakiweka mezani, na akakitazama kwa muda, na toka siku ile hatujazungumza juu ya fundi, ingawa tunazungumza juu ya mengine yote.

Wenzangu sijawaeleza. Bajeti nyingine inakaribia, na tumesikia nafasi zetu mbili huenda zikaondolewa ili fedha ziende kwenye barabara. Tulikutana Jumamosi iliyopita kupanga nani ataongea. Kila mtu alikuwa na wazo moja. Walisema takwimu zetu hazikumgusa mtu mwaka ule, wala hotuba yangu, bila kunivunjia heshima. Aliyewagusa ni yule mwananchi. Kijana wa simu ya mama yake alisema tumtafute, aje aseme tena, hata nauli tutachanga. Wakanigeukia, kwa kuwa mimi ndiye niliyemfahamu.

Niliwaambia sijui anakoishi. Mmoja akasema niulizeulize, mtu anayependwa hivyo na watu hawezi kupotea. Nikasema nitauliza.

Sijauliza. Lakini nilichowaambia kilikuwa kweli. Sijui anakoishi.